Siri za watoto: kitabu kinafungwa pale mtoto anapotaka kujua zaidi

Siku hizi ukiwa kwenye grupu lolote la wazazi lazima ukutane na ile meseji, maneno yanabadilika kidogo tu lakini ujumbe ni uleule: mfundishe mwanao kwamba nyumbani hakuna siri, mtu mzima akimwambia "usimwambie mtu" basi aje aseme haraka. Vitabu navyo vimefuata mkondo huo, hadithi za watoto kuhusu siri sasa ni nyingi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, na nyingi zinaenda kwa mpangilio mmoja: mtoto anafanyiwa kitu na mtu mzima, anaambiwa asikitoe, kinamkaa kifuani, hali wala halali, mwisho anajikaza anamwambia mama au mwalimu, anakumbatiwa, hadithi imeisha. Watu wanazisifu na mimi sizibezi, wengi wetu tulikua bila hata ukurasa mmoja wa namna hiyo na tuliumia kwa hilo. Ila naona kuna kitu tumekielewa vibaya tangu mwanzo. Tunachukulia kwamba mtoto anakaa kimya sababu hajui siri ipi ni mbaya, au sababu hana ujasiri, kwa hiyo dawa ni kumfundisha kutofautisha halafu kumtia moyo. Mimi nasema mtoto mara nyingi anajua kabisa kwamba kuna kitu hakiko sawa. Kinachomfunga mdomo ni kwamba hajui nini kitatokea akishasema, na yule aliyemwambia anyamaze ameshamsimulia mwisho tayari, mwisho wa kutisha, wenye majina ya watu anaowapenda. Sisi tunaishia kwenye kukumbatiana.

Hili nililiona kwa macho yangu. Binti wa dada yangu, ana miaka minane, tulikuwa tunasoma hadithi moja ya namna hiyo, yeye anasoma kwa sauti mimi nafuatilia. Tulipofika mwisho, mtoto wa kwenye hadithi kamwambia mama yake, mama kamkumbatia, binti akageuza ukurasa akakuta jalada. Akarudi nyuma, akageuza tena, akapitisha kucha pembeni ya karatasi kuangalia kama kurasa mbili zimegandana. Halafu akaniuliza, "Mjomba, sasa mama yake alifanyaje?" Nikamwambia nadhani alimsaidia. "Alimsaidiaje? Yule anko alienda wapi, si anakaa nao? Na bibi yake alisemaje?" Sikuwa na jibu na kitabu hakikuwa nalo. Nimefikiria sana maswali yale tangu siku ile, sababu ndio maswali hasa anayojiuliza mtoto aliyebeba siri usiku akiwa macho, na sisi watu wazima tumemuandikia kitabu kizima bila kugusa hata moja.

Turudi nyuma kidogo tuone siri inavyofanya kazi. Mwaka 1983 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Roland Summit, aliandika maelezo ambayo yamesomwa sana na watu wanaofanya kazi na watoto walionyanyaswa kingono. Alieleza hatua tano: siri, kukosa nguvu, kunaswa na kuzoea hali, kusema kwa kuchelewa na kwa namna isiyoshawishi, halafu kuyakana yale yaliyosemwa. Wataalamu walikuja kubishana naye baadaye, hasa pale maelezo yake yalipoanza kupelekwa mahakamani kana kwamba ni kipimo cha kuthibitisha tukio, na ubishi huo una haki yake, sababu mtoto kuchelewa kusema hakuthibitishi kwamba jambo lilitokea. Lakini angalia siri iko wapi kwenye mpangilio wake, iko mwanzoni, kabla ya yote, na kukana kuko mwishoni, baada ya mtoto kuona kinachotokea nyumbani baada ya kusema: mama analia, baba hasemi na mtu, ndugu wamegawanyika, na yeye ndio anaonekana chanzo. Yaani hata mtoto aliyepata ujasiri, akasema, akakumbatiwa, bado anaweza kurudi kesho kutwa akasema nilidanganya. Kwa nini? Sababu yale aliyotishiwa yanatimia mbele ya macho yake na hakuna mtu aliyemuandaa kwamba kuna kipindi cha vurugu halafu vurugu zinapita.

Nataka tulielewe hili vizuri maana ndipo msimamo wangu ulipo. Mtu anayemnyamazisha mtoto ni msimuliaji. Anamwambia: ukisema mama atakufa kwa presha, mimi nitafungwa, wewe utapelekwa mbali, hakuna atakayekuamini, watasema ulitaka mwenyewe. Hiyo ni hadithi kamili, ina watu, ina matukio, ina mwisho. Mtoto anaisikia mara nyingi, anaisikia kwa mtu anayemheshimu, na kila siku inayopita bila kusema inakuwa kama sura nyingine imeongezwa, kwamba sasa watakuuliza mbona hukusema siku zote hizo. Halafu sisi tunakuja na hadithi yetu inayoishia mlangoni, tunategemea ishinde ile. Haiwezi. Mtoto akiziweka pamoja anaona moja inajua kinachofuata na nyingine haijui.

Na kama kuna mtu bado anadhani ishu ni watoto kutojua, aangalie Australia. Ile Tume ya Kifalme iliyochunguza jinsi taasisi zilivyoshughulikia unyanyasaji wa kingono kwa watoto, iliyofanya kazi kuanzia 2013 hadi 2017, ilikaa faraghani na zaidi ya waathirika 8,000 mmoja mmoja, na wastani wa muda walioutumia kabla ya kumwambia mtu ulikuwa miaka 23.9. Karibu robo karne. Miaka yote hiyo wale watu walikuwa wanajua, walikua, walisoma, walioa na kuolewa, wakazaa watoto wao, hakuna anayeweza kusema walikosa somo la kutofautisha siri. Au chukua kesi ya Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, aliyewanyanyasa kingono wasichana aliokuwa anawatibu. Mwaka 2016 mambo yalipotoka gazetini watu wakauliza mbona wasichana hawakusema. Wengine walisema, tena tangu miaka ya 1990, walimwambia kocha, walimwambia mzazi, wakajibiwa kwamba hawakuelewa, yale ni matibabu. Januari 2018 zaidi ya wanawake 150 walisimama mahakamani au waliwakilishwa na maneno yao, na ukisikiliza simulizi zile unaona hoja yangu ilivyo, kusema kulikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa pili, na mtu wa tatu, na mtoto aliyeambiwa mapema kwamba wa kwanza akishindwa haina maana ulikosea kusema.

Sasa tupime hoja za upande mwingine maana zipo na nyingine ni nzuri. Hoja ya kwanza ni kwamba hiki kinachofundishwa sasa, siri nzuri na siri mbaya, ni rahisi, mtoto mdogo anakishika, na kina faida. Ni kweli kiasi. Mwaka 2015 shirika la Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, walitoa mapitio ya masomo ya kujikinga yanayofundishwa shuleni, majaribio 24 yenye watoto zaidi ya 5,800, wakakuta watoto waliofundishwa wanajua zaidi na wanaonyesha tabia za kujikinga zaidi kuliko wenzao, na hakukuwa na dalili kwamba masomo yaliwaongezea woga. Hiyo ya woga naomba wazazi waishike, maana ile hofu kwamba ukimzungumzia mtoto haya mambo utamharibu inarudiwa sana. Lakini kwenye swali la kama watoto waliofundishwa walikwenda kusema yaliyowapata, ushahidi ulikuwa mchache, namba hazikutosha kusema kwa uhakika. Kwa hiyo tumefanikiwa kwenye kujua, kwenye kusema bado kuna giza, na mimi sishangai.

Tatizo langu na ile fomula ni kipimo chake. Tunamwambia mtoto siri nzuri inakufanya ujisikie vizuri na mbaya inakufanya ujisikie vibaya. Hapo tumemwachia njia mtu mjanja, sababu kazi yake ya kwanza ni kumfanya mtoto ajisikie vizuri, anampa zawadi, anamsikiliza kuliko wazazi, anamwambia wewe una akili kuliko wenzako. Mtoto wa namna hiyo ukimuuliza hii siri inakufanya ujisikieje atakuambia vizuri, na hajadanganya. Na mtoto mwingine anaficha sapraizi ya siku ya kuzaliwa ya kaka yake na tumbo linamvuruga wiki nzima. Mimi ningeanza na kitu ambacho mtoto anaweza kukihesabu kwa vidole: hii siri inaisha lini? Sapraizi ina tarehe, Jumamosi kila mtu atajua, na yule aliyefichwa ndio atakayefurahi zaidi. Siri isiyo na tarehe, ambayo ukimuuliza aliyekupa "nitasema lini" anakasirika au anabadilisha mada, hiyo ipeleke kwa mtu mwingine akusaidie kuibeba. Na aambiwe wazi kwamba si kazi yake kuamua kama ni mbaya. Anaruhusiwa kuja na kitu asichokijua jina.

Kuna wanaoona hayo yote ni kuzunguka, bora kufuta siri zote, nyumbani kwetu siri hakuna, basi. Naelewa wanatoka wapi, wanataka kufunga mlango wote ili mwizi asipate upenyo. Ila mtoto ana haki ya faragha, Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Novemba 20, 1989 umeiweka kwenye ibara ya 16, mkataba huohuo ambao ibara ya 12 inampa haki ya kusikilizwa na ya 19 inataka alindwe dhidi ya ukatili. Vimekaa pamoja na vinaweza kukaa pamoja. Msichana wa miaka kumi na mbili ana daftari lake, mvulana ana mtu anayempenda darasani, rafiki kamwambia wazazi wangu wanagombana usimwambie mtu. Ukifuta siri zote, mtoto huyu ambaye lazima atakuwa nazo anajiona mkosaji tayari kabla hajafanyiwa lolote, na hapo ndipo anaponasika. Wanaowinda watoto wanalijua hilo, wengi huanza kwa kumvunjisha mtoto sheria ndogo ya nyumbani, amwonyeshe video aliyokatazwa, amruhusu kukaa na simu usiku, ili awe na kitu cha kuficha, halafu kile kidogo ndio kinakuwa kamba ya kumvutia kwenye kikubwa.

Kwenye simu hili liko wazi zaidi. Mtu asiyemjua anachati na kijana wiki mbili, anamtumia picha, anaomba picha, akishaipata saa hiyohiyo lugha inabadilika: lipa au naisambaza kwa watu wako wote. Kijana yule kitu cha kwanza kichwani hakimhusu hata yule tapeli, anawaza baba alisema nikikukuta unachati na usiowajua simu nakunyang'anya na utanitambua. Yaani tishio letu na tishio la tapeli yanakutana hapo na yanasukuma upande mmoja, kimya. Mzazi aliyesema mapema "ukifika mahali umekwama, hata kama ulivunja sheria yangu kufika hapo, njoo, tutaanza na wewe kwanza, ya simu baadaye" huyo amelikata lile tishio nusu kabla halijafika. Na hilo inabidi alitamke kwa maneno, zaidi ya mara moja, mtoto hawezi kulikisia kwenye uso wa mzazi.

Halafu kuna lugha yetu yenyewe. Mtoto wa miaka mitatu akija kusema mwenzake kamfanyia nini anaambiwa acha kusemea, acha umbea, mchongezi wewe. Anakua na neno hilo masikioni. Wengine wanajaribu kurekebisha kwa kumwambia kuchongea ni kutaka mwenzako aadhibiwe na kusema ni kutaka msaada, sasa hapo mimi naona tunamwongezea mzigo. Mtoto aliyeumizwa akitaka aliyemuumiza aadhibiwe, kosa liko wapi? Hasira yake ni ya haki. Ukimwambia lazima nia yake iwe safi ndio aseme, atakaa anajichunguza moyo badala ya kuja. Bora tumsikilize akija na mambo madogo, penseli imechukuliwa, kasukumwa kwenye foleni, tusikilize dakika moja tu tusimwite jina, maana ndivyo anavyojaribu kama njia inapitika. Mtoto mara nyingi haji na jambo zima. Anadondosha kipande. Unakunja nguo, anakaa karibu, anakunja soksi moja vibaya, anauliza, "Hivi mtu mzima anaweza kufungwa?" Ukimjibu ndio akifanya makosa, nenda kaoge, kipande kimeokotwa na kurudishwa mfukoni.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndio inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, ni kwamba ukiwafundisha watoto kusema wataanza kuwasingizia watu wazima. Wanaoisema hupenda kutaja kesi ya shule ya awali ya McMartin kule California, ambako walimu walituhumiwa kuwanyanyasa watoto kingono, iliyoanza 1983 ikaisha 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani, baada ya mamia ya watoto kuhojiwa. Kesi ile ni ya kweli na iliharibu maisha ya watu, sitaki kuipunguza. Ila isome vizuri uone kilichoharibika ni nini. Watoto walihojiwa kwa maswali ya kuwaongoza, yanarudiwa mpaka jibu linalotakiwa lipatikane, mtoto akisema hapana anaulizwa tena kwa namna nyingine, wenzako wamesema, wewe ni mwerevu, jaribu kukumbuka. Hayo ni makosa ya watu wazima na vinywa vyao. Na kinga yake inajulikana, muulize mtoto "niambie ilikuwaje" halafu nyamaza, usimtajie mtu, usimtajie sehemu ya mwili, usimwekee neno ambalo hajalisema yeye, usimrudishe rudishe, mpeleke kwa mwenye kazi hiyo. Mtoto aliyezoea kusema kwa maneno yake mwenyewe na kusikilizwa ndio mgumu zaidi kulishwa maneno, kwa hiyo hoja ile ikifuatwa mpaka mwisho inaishia upande wangu.

Hoja inayonisumbua kweli ni nyingine. Kuna waandishi na walimu wanaosema ukimuonyesha mtoto kwenye hadithi kwamba mtu wa kwanza anaweza asimuamini, utamkatisha tamaa, ataona basi hakuna maana. Hii naiheshimu, na kwa mtoto wa miaka minne au mitano nakubaliana nayo, huyo apewe hadithi inayomfikisha salama. Lakini kuanzia saba, nane, mtoto anajua dunia ilivyo, ameshawahi kusema ukweli mdogo akaambiwa mwongo. Huyo ukimpa hadithi ambayo kila mtu mzima anaamini mara moja, ataiona ni ya watoto wengine. Muonyeshe mtoto aliyesema akaambiwa "acha maneno hayo", akakaa na hilo kurasa mbili tatu, linauma, halafu akamwendea mtu mwingine, na usimfiche huyo mtu mwingine alivyopatikana, kwa nini yeye, alimpata wapi peke yake, alianza na neno gani. Mtoto anayesoma anajifunza kuwa na majina mawili matatu kichwani, asiwe na moja tu.

Na kuna sehemu moja ambayo vitabu vingi na watu wazima wengi wanakosea kwa nia njema kabisa. Mtoto anasema, "Nikikuambia, niahidi hutamwambia mtu." Na sisi kwa kutaka kusikia tunaahidi. Tayari tumempa siri nyingine, sasa ni yetu, na kesho tukiipeleka inapotakiwa kupelekwa atajua kwamba hata huyu naye alidanganya. Jibu la kweli ni gumu kulitamka: "Siwezi kukuahidi hilo. Nikisikia kwamba kuna mtu anakuumiza itabidi niwaambie watu wa kutusaidia. Ila nitakuambia wewe kwanza namwambia nani na lini, hutashtukizwa." Huenda mtoto akanyamaza siku hiyo. Huenda akaondoka. Wengine wanarudi, sababu ni mara ya kwanza mtu mzima kumwambia kitakachofuata bila kumtisha. Ningependa kuona mazungumzo hayo kwenye kitabu cha watoto, yote, pamoja na ukimya wake, na baada ya hapo mtu wa ustawi wa jamii anayekuja na maswali, na siku mtoto anayoulizwa tena jambo lilelile na anachoka, na ndugu anayesema bora ungenyamaza, na mama anayelia halafu mtoto anaambiwa mama halii kwa ajili yako.

Wiki iliyofuata mimi na binti wa dada yangu tulichukua karatasi tukaandika kurasa zilizokosekana, yeye anasema mimi naandika. Mama wa kwenye hadithi alikaa chini kwanza sababu miguu iliisha nguvu, mtoto akaogopa akadhani mama amekasirika, mama akamwambia sijakasirika na wewe. Anko akaondolewa nyumbani, polisi wakaja wawili, mmoja mwanamke. Bibi akanuna siku nyingi, hataki kuongea na mtu. Hapo nikamuuliza kama tuandike bibi aache kununa. Akafikiria, akasema hapana tumwache anune, ila mtoto kesho yake aende shule, akae na rafiki yake palepale anapokaaga siku zote.